Namba za Projekta na Maana Zake Ukutani

Shule ya sekondari inapotaka kununua projekta, hukabidhiwa karatasi yenye namba nyingi: lumeni, pikseli, uwiano wa pande, na uwiano wa weupe kwa weusi. Namba hizo hudhaniwa kuwa kama alama za mtihani, kwamba iliyo kubwa ndiyo bora. Dhana hiyo huweza kuigharimu shule fedha nyingi, na wanafunzi wa madawati ya nyuma wasione kitu.

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga utokao katika chombo. Hata hivyo, ung'avu wa picha hutegemea mwanga unaofika katika kila mita mraba ya kiwambo, na kipimo chake ni laksi. Kwa mfano, projekta ya lumeni 3,000 ikitoa picha yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, huangaza mita mraba 3. Kila mita mraba hupata lumeni 1,000, yaani laksi 1,000. Picha ikikuzwa kuwa mita 4 kwa mita 3, eneo huwa mita mraba 12, na mwanga hushuka hadi laksi 250. Pande zimeongezeka mara mbili tu, ilhali mwanga umebaki robo.

Uwiano wa weupe kwa weusi nao hautegemei chombo peke yake. Projekta haiwezi kutupa giza. Penye weusi ni mahali isipopeleka mwanga. Kwa hiyo weusi wa picha hauwezi kuuzidi weusi wa kiwambo chenyewe ndani ya chumba hicho. Ikiwa taa na madirisha hukiangaza kiwambo kwa laksi 300, ile picha kubwa itakuwa na laksi 550 penye weupe na laksi 300 penye weusi. Uwiano huo haufiki 2 kwa 1, hata kama karatasi imeandikwa 10,000 kwa 1. Mapazia yakiupunguza mwanga wa chumba hadi laksi 30, uwiano hupita 9 kwa 1. Na kwa picha ndogo, hupita 34 kwa 1.

Pikseli ni vitone vinavyoijenga picha. Hapa yafaa kutofautisha vitone ilivyo navyo projekta na vile inavyoweza kupokea. Projekta ya vitone 1,024 kwa 768, yenye uwiano wa pande wa 4 kwa 3, huweza kusifiwa kuwa hupokea picha ya 1,920 kwa 1,080, ambayo uwiano wake ni 16 kwa 9. Huipokea kweli, lakini huibana katika vitone 1,024 kwa 576. Robo ya mistari yake hubaki mitupu juu na chini. Vitone 2,073,600 vilivyoletwa huonyeshwa kwa 589,824, yaani chini ya theluthi. Maandishi madogo ya majedwali ndiyo hupotea kwanza.

Basi, kabla ya kununua, mwalimu na wanafunzi wapime ukubwa wa picha wanayoihitaji, wagawe lumeni kwa eneo lake, kisha waulinganishe mwanga huo na ule wa chumba. Huenda hesabu hiyo ikaonyesha kwamba kilichopungua darasani ni mapazia tu.