Hundi ya Msikiti na Simu ya Katibu

Usiku wa Ijumaa moja, baada ya swala ya Isha, tuliketi barazani nje ya msikiti wa mtaa wetu hapa Kaloleni, nakusudia Kaloleni hii ya Voi, si ile ya Kilifi wala ya Nairobi. Tulikuwa wanakamati saba na birika moja la kahawa. Jambo lililotukutanisha kwa sura lilikuwa dogo. Fundi aliyeezeka paa la madrasa alikuwa hajalipwa kwa siku kumi na moja, naye ana vibarua wanne wanaompitia mlangoni kila asubuhi kuuliza haki yao.

Fedha zilikuwapo benki. Kilichokosekana ni saini. Hundi ya msikiti hutiwa saini na watu wawili kati ya watatu, yaani mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Mwenyekiti alikuwa Mombasa kwa matibabu, nami nilikuwa Taveta msibani. Mzee wetu mweka hazina akabaki peke yake na kitabu cha hundi, ambacho hukifunga kwa kitambaa na kukiweka sandukuni pamoja na hati za kiwanja. Saini moja haitoi hata shilingi.

Katibu wetu ni kijana mwenye adabu, lakini usiku ule subira ilimwishia. "Wazee wangu, niwieni radhi," akasema. "Fedha hizi zingekuwa kwenye simu, fundi angelipwa siku ileile aliyoshuka juu ya paa. Ni nani anayeandika hundi zama hizi?"

Mzee akashusha kikombe chake. "Mwanangu, na simu hiyo ingekuwa ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Tuliagana hivyo, nami nikaenda kulala na swali hilo.

Msomaji mpenzi, kabla ya kuizika hundi yafaa tujue nasaba yake, maana huyu si mgeni wa jana. Neno lenyewe, hundi, tumelipata kwa Wahindi. Kwao hundi ilikuwa waraka ambao mfanyabiashara humwandikia wakala wake wa mji mwingine, akimtaka amlipe mtu kiasi fulani. Nyumba za biashara za Kihindi katika pwani yetu, kama ile ya Tharia Topan wa Unguja, aliyekopesha misafara ya bara katika karne ya 19, zilikuwa za watu walioujua waraka huo tangu kwao. Waarabu nao walikuwa na sakki, na wako wataalamu wanaosema kuwa hilo ndilo lililozaa neno la Kizungu ambalo sisi tumelirudisha nyumbani kwa jina la cheki. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, aliandika kwamba huko Awdaghust, katika Mauritania ya leo, aliiona kwa macho yake hati ya deni ya dinari 42,000 baina ya mtu wa mji ule na mtu wa Sijilmasa, Moroko. Baina ya miji hiyo miwili kuna jangwa la Sahara. Karatasi ile ilitosha kwa sababu ilikuwa na maandishi na mashahidi.

Wala sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na benki. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na wahenga wetu wakalifupisha kwa kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, katibu hakusema upuuzi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwezi Machi 2007, muuza mboga wa soko la Voi hupokea fedha kutoka Mombasa kabla hajamaliza kufunga fungu la mchicha. Hundi nayo imekuwa ikipunguziwa kazi mwaka baada ya mwaka. Tangu Oktoba 2009, malipo yanayozidi shilingi milioni moja hayapitishwi baina ya mabenki ya Kenya kwa hundi, bali hupelekwa moja kwa moja kwa mitambo. Tangu 2011, mabenki hayapelekeani karatasi yenyewe ila picha yake, ili kupunguza siku za kungojea. Pamoja na hayo, hundi hubaki na maradhi yake ya zamani. Ikikaa miezi sita huwa imechacha. Saini ikipinda kidogo, karani huirudisha. Na aliyeiandika akiwa hana kitu benki, aliyeipokea hujua baadaye, ameshatoa mali yake. Sheria yetu ya adhabu, kifungu cha 316A, imelifanya kosa la jinai kuandika hundi ya namna hiyo kwa kujua, lakini sheria haimjazii mtu chungu siku ile hundi iliporudi.

Basi mbona mzee aliuliza simu ni ya nani? Aliuliza kwa sababu yeye na mimi tumewahi kuona.

Miaka michache nyuma nilikuwa katika kikundi cha kuzikana. Kwa kukimbia usumbufu wa benki, tuliweka michango katika laini ya simu ya ndugu yetu mmoja ambaye sote tulimwamini, na wallahi alistahili kuaminiwa. Laini ilikuwa kwa jina lake, na namba ya siri aliijua peke yake. Asubuhi moja ndugu yule akaanguka, na kabla ya adhuhuri tukawa tunamchimbia kaburi. Tulipochanga sanda yake, tulichanga upya, kwa maana fedha za sanda zilikuwa ndani ya simu iliyofungika.

Yaliyofuata ndiyo yaliyouma. Mbele ya sheria, kilichokuwa katika laini ile kilikuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu ni mirathi. Wanawe walisema, bila ubaya, kwamba baba yao naye alikuwa mfanyabiashara, hivyo ni nani wa kupambanua lake na la kikundi? Mjane wake, akiwa ndani ya eda, akawa anabishiwa hodi na watu wanaodai. Mwisho tulisuluhishwa, na kila aliyekuwa na ushahidi wa mchango wake alirudishiwa. Wasiokuwa nao walisamehe, wengine kwa moyo, wengine kwa mdomo tu. Marehemu alikuwa mwaminifu, lakini uaminifu wake haukuandikwa popote.

Sasa fikiria kwamba zile zingekuwa fedha za msikiti, sadaka za watu na mapato ya wakfu. Je, zigawiwe kwa mafungu ya faraidhi?

Hapo ndipo nilipotambua kuwa kitabu kile cha mzee kina mambo mawili yasiyohusu karatasi. Kwanza, fedha ziko kwa jina la msikiti, si la mtu, hivyo mtu akifa msikiti haufi naye. Pili, hakuna mkono mmoja unaoweza kuzitoa. Ule uzito tunaoulalamikia kwa upande wa pili ndio ulinzi wenyewe. Wala si sisi watu wa Voi tu tuliohisi hivyo. Uingereza, mwaka 2009, baraza la malipo lilitangaza kuwa hundi zingekomeshwa ifikapo 2018, lakini wazee na vyama vya hisani wakalalamika, na mwaka 2011 mpango ukafutwa. Kwa upande mwingine, mabenki ya Afrika Kusini yaliacha kupokea hundi mwishoni mwa 2020, na maisha yakaendelea. Kwa hiyo hundi yaweza kufa. Swali ni nani atakayerithi kazi yake.

Jumatatu nilikwenda na katibu hadi benki. Karani akatueleza kwamba akaunti ya jamii yaweza kutumiwa kwa mtandao kwa utaratibu wa watu wawili: mmoja hutayarisha malipo, na mwingine, popote alipo, huyaidhinisha kwa namba yake mwenyewe ya siri. Asipoidhinisha, fedha hazitoki. Nilimtazama katibu, naye akanitazama. Mwenyekiti angaliweza kuidhinisha malipo ya fundi akiwa kitandani kwake Mombasa.

Tulimpelekea mzee habari hizo. Alituhoji kama kadhi. Fedha zitakuwa kwa jina la nani? La msikiti. Mmoja akifa? Kamati huandika barua, hutiwa mwingine. Kumbukumbu? Hupigwa chapa kila mwezi na kubandikwa ubaoni. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hapo sawa. Lakini kitabu changu msikichome mpaka nione limefanya kazi mara tatu."

Siku hiyohiyo akaifungua ile leso, akaandika hundi ya fundi kwa mwandiko wake wa polepole, nami nikatia saini ya pili. Fundi akaipeleka dirishani, akalipwa, vibarua wakapata chao. Walikuwa wamengoja siku kumi na nne kwa kosa letu, na tuliwaomba radhi.

Nawe msomaji, ukiwa katika kamati ya msikiti, ya madrasa au ya kuzikana, usigombane na mtu juu ya karatasi na simu. Uliza swali la mzee wetu tu: fedha zile ziko kwa jina la nani, na mikono mingapi hutakiwa kuzitoa? Ukijibiwa kuwa ni za jamii lakini ziko kwa jina la mtu mmoja na mkono mmoja, hata akiwa walii, amkeni mapema kesho mwende mkarekebishe, angali hai.