Mpelelezi wa Botswana

Je, msomaji, binti yako akiuza ng'ombe aliorithi ili afungue ofisi ya upelelezi, utasemaje? Ndivyo alivyofanya Mma Ramotswe katika hadithi za Alexander McCall Smith, zilizoanza kutoka mwaka 1998. Marehemu baba yake, aliyetoa jasho migodini Afrika Kusini, alitaka anunue bucha!

Mama huyu hashiki bastola. Hunywa chai, husikiliza, kisha humfuata mume mhuni kwa gari lake dogo jeupe. Ndiyo maana tunampenda: hata jirani yetu angeweza kazi hiyo.

Na mapenzi? Bwana Matekoni, fundi wa magari, alimposa akakataliwa. Akaposa tena, akakubaliwa. Lakini fundi huyu mpole hafanyi haraka. Harusi utaikuta mwishoni mwa kitabu cha tano.