Mabaki ya mbao yampunguzia seremala gharama

KUTENGENEZA viti sita vinavyofanana si kazi ya macho na futi peke yake. Kwa seremala wa Buzuruga jijini Mwanza, kiti kimoja kinachoyumba chatosha kumrudisha mteja mlangoni akiwa amenuna, na ubao uliokatwa ukawa mfupi haurefuki tena.

Vifaa vya kiwandani vya kuongoza msumeno na keekee huuzwa ghali. Hata hivyo, kazi hiyo hiyo hufanywa na kiolezo, yaani kifaa cha mbao kinachoshika ubao au kuelekeza msumeno ili kila mkato ufanane na uliotangulia. Malighafi yake ni mabaki yaliyolala chini ya meza ya kazi.

Mabaki hayalingani kwa ubora. Paini isiyokauka vizuri hujikunja, na kiolezo kilichojikunja hupotosha kila kinachopita juu yake. Mninga husinyaa kidogo sana unapokauka, hivyo vipande vyake visitupwe.

Kiolezo chepesi kuliko vyote ni kizuizi kinachopigiliwa mezani. Viti sita vina miguu 24, ambapo 12 ni ya mbele. Fundi akipima kila mguu kwa kuulaza juu ya uliotangulia, akakosea milimita 1 tu kwa upande ule ule kila mara, mguu wa 12 hutofautiana na wa kwanza kwa milimita 11. Penye kizuizi, miguu yote hupimwa kutoka mahali pamoja. Vumbi lifagiliwe kwanza, kwa kuwa chembe inayokaa kati ya ubao na kizuizi hufupisha mguu.

Kinachodai uangalifu zaidi ni kisanduku cha kukatia kona za fremu, chenye kitako na kuta mbili. Upana wake wa nje ukiwa sentimita 12, hupimwa sentimita 12 urefuni, ukachorwa mraba, kisha mstari wa kona hadi kona. Hapo nyuzi 45 hupatikana bila kifaa cha kupimia pembe. Mistari hushushwa kutani kwa guniya, na mifereji hukatwa kwa msumeno ule ule utakaotumika kazini, kwani mfereji mpana kuliko msumeno huuacha uyumbe. Skrubu zikae mbali na njia hiyo.

Fremu moja ina mikato 8. Kosa la nusu ya nyuzi moja katika kila mkato huwa nyuzi 4 kwenye kona ya mwisho, ufa ambao gundi na unga wa mbao haviufichi, ingawa mafundi hawachoki kujaribu.

Guniya yenyewe ni afadhali inunuliwe, tena ijaribiwe dukani. Huchorwa mstari kutoka ukingo ulionyooka, guniya ikageuzwa, ukachorwa mwingine pale pale. Mistari ikiachana, kosa la guniya ni nusu ya mwachano huo.

Mwenye msumeno wa umeme wa meza ajichongee pia kijiti cha kusukumia ubao, chenye pengo nchani, vidole vibaki mbali na meno. Kinga iliyokuja na mashine isiondolewe kwa sababu ya kijiti hicho.

Mifereji ya kisanduku hupanuka kwa matumizi. Vipande viwili vya majaribio vikiunganishwa na mwanga ukaonekana kati yake na guniya, kisanduku hicho huenda jikoni kuwa kuni, na kingine hutengenezwa kabla ya chakula cha mchana.