Dola 540 za kununua mlango

Kwa mwalimu wa Kenya, maneno ‘kupandishwa daraja’ si maneno ya mzaha. Mtu aweza kusimama mbele ya ubao kwa miaka kumi na miwili, akajaza fomu, akahudhuria mahojiano, akarudi darasani na kungoja barua hadi mvi zikamwota kichwani. Ndiyo maana nilishtuka usiku mmoja wa Novemba 2024, pale binti aliyekuwa nyuma ya kaunta katika uwanja wa ndege wa Dubai aliponiuliza, tena kwa tabasamu, iwapo ningependa kupandishwa daraja papo hapo. Hakutaka cheti wala barua ya mkuu wa shule. Alitaka dola 540 tu.

Najua swali linalomwasha msomaji: mwalimu mstaafu alifikaje kwenye kaunta hiyo? Jawabu ni fupi. Chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kilikuwa kimetualika watu wawili, mimi na mzee aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya upili, tukazungumze na wanafunzi wao kuhusu lugha yetu. (Wajerumani si wageni wa Kiswahili. Kilianza kufundishwa jijini Berlin mwaka 1887, kabla hata reli yetu haijaanza kujengwa kutoka Mombasa.) Kwa kuwa Mwalimu ana umri wa miaka 81 na magoti yake yamechoka, wenyeji wetu walitukatia tiketi za daraja la biashara. Kipande cha Dubai hadi Nairobi ndicho kilichokuwa cha mwisho. Katika daraja la kwanza palikuwa pamesalia nafasi moja, na bahasha ya shukrani niliyopewa na wenyeji ilikuwa bado mfukoni mwangu. Binti yule alitupa hadi saa moja kabla ya ndege kuondoka tuamue.

Sikuifikiria nafsi yangu. Nilimfikiria Mwalimu.

Mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka 16, Mwalimu alisafiri kwa gari la moshi kutoka Voi kwenda shuleni Nairobi. Kisa hicho alitusimulia darasani mara nyingi, aghalabu tulipokuwa tumechoshwa na ngeli. Gari la moshi la siku zile lilikuwa na madaraja matatu, na kwa desturi ya enzi hiyo Wazungu walikaa la kwanza, Wahindi la pili, nao Waafrika wakajibana kwenye mabenchi ya mbao ya daraja la tatu. Akiwa amejitwika sanduku lake la bati alipita kando ya behewa la kwanza, akaona kupitia dirishani meza iliyotandikwa kitambaa cheupe na taa ndogo iliyokuwa ikiwaka mchana. Taa kuwaka mchana! Jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko hata kitambaa. Basi nikajiambia: hili ni deni la miaka 65, na leo mwanafunzi wake ana uwezo wa kulilipa.

Hata hivyo, mimi ni mwalimu wa Hesabu pia, na mkono wangu haufunguki kabla ya kichwa kupiga hesabu. Tulipoketi katika ukumbi wa kupumzikia abiria, Mwalimu akanywa chai yake nami nikaanza kujiuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Watu wengi hukosea hapa. Hulitazama daraja la kwanza jinsi lilivyo, wakaona kitanda, vyakula na vinywaji vya bei, mhudumu anayemwita abiria kwa jina lake, wakasema, ‘Dola 540 kwa haya yote? Ni bure!’ Lakini aliyekwisha kushika tiketi ya daraja la biashara hanunui hayo yote, maana mengi ya hayo anayo tayari. Anachonunua ni tofauti iliyopo baina ya madaraja hayo mawili, basi. Mwanafunzi aliyepata alama 78 akalipia masomo ya ziada hadi akapata 81 hakununua alama 81; amenunua alama tatu.

Na tofauti hiyo imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka. Daraja la biashara halikuwapo zamani. Lilizuka mwishoni mwa miaka ya sabini, mashirika ya ndege yalipotambua kwamba wafanyabiashara waliolipa nauli kamili walichukizwa kuketi bega kwa bega na watalii waliolipa nusu. Mwanzoni lilikuwa kiti kipana kidogo na kinywaji cha bure, si zaidi. Kitanda cha kulala ukanyooka kilikuwa fahari ya daraja la kwanza. Kisha mwaka 2000 shirika la British Airways likaweka vitanda vya kunyooka katika daraja lake la biashara, na washindani wake hawakuwa na budi ila kufuata. Siku hiyo daraja la kwanza lilinyang’anywa silaha yake kubwa. Makampuni yaliyokuwa yakiwalipia wakurugenzi wao yakaanza kuuliza: ikiwa huyu bwana atalala vyema kule nyuma, tumlipie zaidi kwa sababu gani?

Ndiyo sababu leo mashirika mengi hayana daraja hilo kabisa. KLM hawana, Ethiopian Airlines hawana, na Kenya Airways yetu haina: zile ndege zake za Boeing 787 zina viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida, basi. Waliobaki nalo, kama vile Emirates, Singapore Airlines na Air France, wameligeuza liwe jambo jingine. Katika ndege za Emirates aina ya A380, abiria wa daraja la kwanza huoga kwa maji ya mvua angani, ingawa hupimiwa dakika tano za maji. Katika A380 mpya za Singapore Airlines, kitanda kimetengwa na kiti kama chumbani nyumbani. Kilichosalia kuuzwa, baada ya kitanda kuibwa na daraja la biashara, ni faragha: kuta, pazia, na mlango wa kutelezesha unaojifungia ndani.

Nayasema haya si kwa kusimuliwa tu. Mwaka 2016 ndege niliyokuwa nisafiri nayo ilikuwa imeuzwa tiketi nyingi kuliko viti, nikapandishwa hadi daraja la kwanza bila kulipa senti. Sitajifanya mtawa: nilifurahi. Nilipewa nguo za kulalia, nikaambiwa nile saa yoyote nitakayo. Nikaufunga mlango wa kijichumba changu, nikajihisi waziri. Baada ya saa mbili nikaufungua, nikachungulia nje, nikaufunga tena. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Chakula chenyewe, kwa kweli, sikukionja ipasavyo. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu na shinikizo lake ni dogo, mambo yanayoufanya ulimi upoteze sehemu ya hisi yake ya chumvi na sukari, na ulimi wa tajiri haukusazwa.

Jambo hilo la hewa lastahili kusemwa kwa wanafunzi wa Fizikia. Ndege hupaa zaidi ya mita 10,000, mahali ambapo binadamu hawezi kupumua, kwa hiyo hewa husukumwa ndani hadi shinikizo liwe sawa na la mahali penye kimo kisichozidi takriban mita 2,400 juu ya bahari. Katika 787 kimo hicho ni kama mita 1,800 hivi, yaani karibu sawa na Nairobi. Shinikizo hilo ni moja kuanzia pua ya ndege hadi mkiani. Hakuna nauli iwezayo kununua jingine. Uchovu unaotokana nalo tunagawana sote, sawasawa na mtikisiko tunapopita katika mawingu mazito.

Je, basi ni upuuzi kulipa? La hasha. Ipo safari ambayo ningelipa nami nikiwa na uwezo. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York mnamo Oktoba 2018, safari ilikuwa ya takriban saa 15. Muda huo ni mrefu mno, na anayeshuka kwenda mkutanoni moja kwa moja aweza kuuhesabu usingizi kuwa sehemu ya kazi. Ziko pia ndege ambazo viti vyake vya biashara ni vya mtindo wa zamani, vimepangwa hata vitatu pamoja, na aliye katikati hulazimika kumruka jirani kila aendapo msalani. Mtu wa namna hiyo ana sababu. Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Ni ndege ya aina gani, kiti gani, saa ngapi, mchana au usiku. Dubai hadi Nairobi ni saa tano hivi. Toa nusu saa ya kupaa, nusu saa ya kushuka, na saa moja ya kula, zimesalia tatu. Dola 540 kwa saa tatu ni dola 180 kila saa, na kitanda ninacho tayari.

Nikabadilisha fedha hizo kichwani ziwe shilingi, zikawa karibu 70,000. Hapo sauti ya kiualimu ikaninong’oneza: fedha hizo zapita karo ya mwaka mzima ya shule ya bweni ya kitaifa, iliyowekewa kikomo cha shilingi 53,554! Naikiri sauti hiyo, lakini siiamini sana. Kwa hoja ya karo hakuna mtu angenunua soda, wala kusuka nywele, wala kumpelekea mama yake kanga. Aghalabu anayeitumia kuwazomea wengine hakumlipia mtoto yeyote karo. Isitoshe, hapa mezani palikuwa na mzee aliyewatoa watoto wengi wa watu gizani, na hakuna aliyewahi kumkatia tiketi ya daraja lolote. Karo dhidi ya anasa ni hesabu nyepesi. Karo dhidi ya shukrani si nyepesi hata kidogo.

Basi nikamweleza.

“Mwalimu,” nikasema, “kuna nafasi moja ya daraja la kwanza. Ningependa uikalie wewe.”

Akaweka kikombe chini. “Na wewe utakuwa wapi?”

“Nyuma kidogo tu. Pazia litatutenga.”

“Huku tulikokatiwa hakuna kitanda?”

“Kipo.”

“Chakula?”

“Kipo, Mwalimu.”

“Sasa kule kuna nini?”

Nilitafuta neno. Nikamwambia kule kuna kijichumba chenye mlango, mtu akitaka hujifungia asisumbuliwe na yeyote hadi Nairobi.

Mwalimu alinitazama vile alivyonitazama nilipokuwa kidato cha pili, nilipoiweka ‘ndege’ katika ngeli isiyo yake. “Mwanangu,” akasema, “nimekuwa mjane miaka tisa. Nyumba yangu ina milango sita. Kila usiku naifunga yote mwenyewe. Leo nimepata mtu wa kuketi naye saa tano, wewe unataka kulipa fedha nifungiwe?”

Nikamkumbusha Voi. Nikamkumbusha kitambaa cheupe na taa iliyowaka mchana. Akacheka hadi akakohoa. Alisema kwamba mwaka ule hakukitamani kitambaa. Alitamani asiambiwe kwamba hawezi kukikalia. Sasa hakuna aliyemwambia hawezi, na mwenye kukataa leo ni yeye. Kuhusu daraja la tatu, alisema waliimba usiku kucha, akala maboga ya mama mmoja wa Kibwezi asiyemjua, na hajapata kusafiri vizuri kama siku ile.

Nikarudi kwenye kaunta kumshukuru binti yule. Alikuwa akiuliza abiria mwingine swali lile lile, kwa tabasamu lile lile.

Ndani ya ndege tuliketi viti viwili vya kando, yeye dirishani. Sikulala. Alinisimulia habari za mashairi yaliyopotea pamoja na watunzi wake, za mwanafunzi mmoja wa Kijerumani aliyemshinda kwa methali, za mkewe. Alipofumba macho tulikuwa juu ya Somalia. Sitaki kumficha msomaji lolote: tulipotua magoti yake yalikuwa yamevimba, na alipojaribu kusimama ilibidi nimshike kwapani. Nilijiuliza, na ningali najiuliza, iwapo kitanda kipana zaidi kingemsaidia.

Wahudumu walitutoa kupitia mlango wa mbele, kwa hiyo tukapita katikati ya daraja la kwanza. Wenye nafasi zile walikuwa wamekwisha kushuka, wakatutangulia kwa dakika chache kwenda kupanga foleni ya uhamiaji. Mwalimu akasimama kando ya kijichumba kimoja. Akaingiza kichwa, akatazama taa ndogo iliyokuwa bado inawaka. Kisha akaushika ule mlango kwa vidole viwili, akautelezesha ukafungika, akaufungua, akaufunga tena.

“Unateleza vizuri,” akasema, nasi tukashuka.