MAJI YA KISIMA KARIBU NA KIWANDA

Mama, kila mwezi unaleta mtoto apimwe kilo. Tunaandika katika fishi yake, na mstari unapanda ao unashuka. Kupima siku moja tu hakutoshi kuonyesha kama mtoto anakua vizuri. Maji ya kisima ni vilevile, zaidi kama kisima iko karibu na mahali pa kuyeyusha madini.

1. Sumu inaingia namna gani?

Hapa Lubumbashi walianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kwa miaka mingi vumbi ya moshi ilianguka juu ya udongo, zaidi upande ule upepo unapeleka, kaskazini-magharibi ya kiwanda. Ndani yake kulikuwa shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu na arseniki. Mabaki meusi nayo yalilundikwa kama kilima. Mvua ikinyesha, maji inashuka ndani ya udongo na inaweza kubeba sumu hizo. Tena, maji ya chini haisimami: inatembea pole pole kufuata mteremko, mpaka kwenye visima vya watu.

2. Maji ni safi kwa macho. Kwa nini tuogope?

Kwa sababu risasi na arseniki haviko na rangi, wala harufu, wala ladha katika maji. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi ni mikrogramu 10 katika lita moja. Ni kusema hivi: gramu moja tu, ukiigawanya katika bido 5,000 za lita 20, maji yote imefika kwenye mpaka. Jicho gani litaona?

Risasi inaharibu akili ya mtoto na kupunguza damu yake. Mama akiwa na mimba, inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

3. Watu wa labo wanapima namna gani?

Wanachagua visima viwili ao zaidi: kimoja upande wa juu, maji inakotoka kabla ya kufika kiwandani, na vingine upande wa chini. Kama cha juu ni kizuri na cha chini ni kibaya, tunajua sumu inatoka wapi.

Kwanza wanavuta maji iliyolala ndani ya kisima na kuimwaga. Usikasirike, hawapotezi maji yako! Wanatafuta maji mapya ya udongo. Halafu wanajaza chupa safi, wanatia asidi kidogo ili madini yasishike kwenye chupa, wanaandika jina la kisima na tarehe, na wanapeleka labo.

Wanarudi wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu maji inabadilika. Karatasi moja ya zamani yenye kusema "maji ni nzuri" haitoshi.

4. Nichemshe maji?

Kuchemsha kunaua mikrobe ya kuhara. Uendelee kufanya hivyo. Lakini moto haiondoe risasi. Maji inapungua katika sufuria, na risasi yote inabaki. Dawa ya klori nayo haiiondoe.

5. Basi, mama, ufanye nini?

– Uliza shefu wa kartie kama kisima chenu kilipimwa, mwaka gani, na walitafuta nini. Kupima mikrobe peke yake si kupima madini.
– Kama kisima ni kibaya, maji yake isitumiwe kwa kunywa, kupika, wala kutengeneza maziwa ya unga. Tafuta maji ya bomba ao ya kisima kilichopimwa.
– Uendelee kunyonyesha. Maziwa yako inabaki chakula bora cha mtoto mdogo.
– Vumbi inaleta risasi pia, mara nyingi kupita maji. Nawisha mtoto mikono mbele ya kula, osha mboga vizuri, fagia nyumba kwa kitambaa chenye maji.
– Mpe mtoto ndagala, maharagi na sombe. Tumbo tupu linavuta risasi zaidi.
– Kama munakaa karibu na kiwanda, mwambie muganga. Risasi inapimwa katika damu.

Ukumbuke: mtoto anapimwa kila mwezi, hata kama anaonekana mzima. Kisima nacho kipimwe tena na tena, hata kama maji yake inangaa.