Wakongomani wa Marekani: ngapi kwa uzee, ngapi kwa nyumbani?

Katika viwanda vya nyama na maghala ya Iowa, Kentucky na Texas, ambako wakimbizi wengi kutoka Congo wamepata kazi, mfanyakazi mpya hupewa karatasi nyingi za kujaza siku za kwanza. Moja kati yake ina swali fupi: ukatwe asilimia ngapi ya mshahara wako kwa ajili ya uzee?

Huku kwetu swali hilo halipo. Anayefanya kazi kwa kontra hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa pensheni ya CNSS, mwajiri anaongeza 5 nyingine, na hakuna anayekuuliza maoni yako. Kule Marekani pia kuna makato ya lazima ya Social Security. Lakini juu yake kuna akaunti ya hiari inayoitwa 401(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi ya mwaka 1978. Pesa inayoingia humo haitozwi kodi ya mapato mwaka huo. Kodi inangoja hadi siku utakapoitoa.

Kwa Mkongomani, swali la asilimia si la hesabu tu. Kila dola inayoingia katika akaunti hiyo ni dola ambayo haikutumwa Uvira, Bukavu au Goma. Mwezi wa tisa unakuja na minervali. Mzee anaugua, kuna matanga, kuna mdogo wako anayetaka kuoa. Kwa hiyo kuna anayeandika sifuri na kujiambia kwamba uzee wake ni watoto wake, kama ilivyokuwa kwa babu yake.

Tuchukue mfano. Baba wa miaka 45, ana mke na watoto wanne, yeye peke yake ndiye anayefanya kazi. Analipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hiyo ni dola 720 kwa wiki, au dola 37,440 kwa mwaka. Kampuni yake inasema: kwa kila dola unayoweka, sisi tunaongeza senti 50, mpaka asilimia 6 ya mshahara wako.

Akiandika 6, atakatwa dola 43.20 kwa wiki. Kampuni itaongeza dola 21.60. Akiandika sifuri, kampuni haitamlipa hizo dola 21.60 kwa njia nyingine yoyote. Zinabaki kwa mwajiri. Kwa mwaka amepoteza dola 1,123 ambazo zilikuwa sehemu ya malipo ya kazi yake.

Akiendelea hivyo hadi miaka 67, umri wa kupata Social Security kamili kwa waliozaliwa kuanzia 1960, akaunti itakuwa imepokea zaidi ya dola 74,000, hata tusipohesabu faida yoyote ya soko. Soko linaweza kuongeza sana, linaweza pia kushuka.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza inapoishia: weka angalau kiasi kinachovuta nyongeza yote ya mwajiri. Kikomo cha sheria kwa mwaka 2026 ni dola 24,500, lakini idadi hiyo haimhusu mtu wa dola 18 kwa saa. Kinachomhusu ni ile 6.

Baada ya hapo mambo yanabadilika. Faida ya kuahirisha kodi ni kubwa kwa anayelipa kodi kubwa leo. Baba wa mfano wetu, kwa mke na watoto wanne, kodi yake ya mapato kwa serikali kuu ni karibu na sifuri. Kuahirisha kodi ambayo hailipi hakumsaidii sana. Kama mpango wa kampuni una upande wa Roth, mara nyingi ndio unaomfaa: kodi inalipwa sasa ikiwa ndogo, na uzeeni pesa inatoka bila kodi. Kijana asiye na watoto, mwenye saa nyingi za ziada, hesabu yake inaweza kuwa kinyume. Tena kuanzia mwaka 2027, sheria iliyopitishwa 2022 inaahidi kwamba serikali itawaongezea wenye kipato kidogo hadi dola 1,000 kwa mwaka, zikiingia katika akaunti ya kawaida, si ya Roth.

Kuna mitego. Wa kwanza ni kutoa pesa mapema. Kabla ya miaka 59 na nusu, mara nyingi unalipa kodi pamoja na faini ya asilimia 10. Likelemba unaweza kuomba wenzako wakupe zamu yako mapema ukipata msiba. 401(k) haina huruma ya namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kupita ile 6, afadhali kuwe na pesa pembeni ya tiketi, ugonjwa na kodi ya nyumba.

Mtego wa pili ni kuhama. Wakongomani wengi hufuata ndugu au kazi bora katika mji mwingine. Pesa uliyoweka mwenyewe ni yako siku zote, lakini nyongeza ya kampuni inaweza kudai ukae kazini miaka kadhaa kabla ya kuwa yako yote. Uliza kabla ya kuaga. Na usiiache akaunti nyuma kama sufuria iliyosahaulika kambini.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba Social Security itatosha. Inahitaji pointi 40, yaani karibu miaka kumi ya kazi, na hakuna mkataba kati ya Congo na Marekani wa kuunganisha miaka uliyokatwa CNSS. Aliyefika akiwa na miaka 50 anaanza upya.

Tukirudi kwa baba wetu: dola 43.20 kwa wiki ni karibu dola 173 kila wiki nne. Kwa familia nyingi huku, hiyo ni minervali au chakula cha mwezi. Hatuwezi kujifanya hatulioni hilo. Lakini mzee asiye na akiba katika nchi ya bei kali atakuwa mzigo kwa watoto wale wale, na mkono wa kutuma nyumbani utakatika kabisa.

Afadhali kuwaambia mapema ndugu wa huku, kwa simu, kabla ya mwezi wa tisa: nitatuma kiasi hiki, si kile, na sababu ni hii. Karatasi ile si ya kudumu. Ukiandika 3 leo, unaweza kuandika 4 siku mshahara unapopanda, mpaka ufike 6. Wa nyumbani hawatahisi pengo kubwa, na nyongeza ya mwajiri itaacha kubaki mezani.