Rangi na Singa za Farasi na Punda: Tatizo la Msamiati

Neno farasi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lakini maneno ya kueleza umbile la mnyama huyo ni machache. Sababu si udhaifu wa lugha. Mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, ulimfanya farasi awe mgeni katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1886, anawaeleza farasi wa Unguja, lakini hao walikuwa wa watu wa jumba la kifalme. Mnyama wa watu wengi alikuwa punda, aitwaye pia kihongwe.

Tatizo lenyewe ni la kimofolojia na la kimaana. Katika majina ya rangi, vivumishi halisi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa nomino za kufananisha, kama kijivu (jivu), kahawia (kahawa) na maji ya kunde. Berlin na Kay, mwaka 1969, walionyesha kwamba rangi hizo tatu ndizo lugha nyingi huanza kuzipa majina. Kikipsigis nacho kina tui (nyeusi), lel (nyeupe) na birir (nyekundu).

Rangi ya farasi haielezwi kwa neno moja la namna hiyo, kwani inategemea uhusiano wa mwili na singa, yaani nywele ndefu za shingoni na mkiani. Farasi wawili wanaweza kuitwa wekundu. Mmoja ana singa na miguu myeusi, na wa pili ni mwekundu mpaka singani. Kwa wafugaji hizo ni rangi mbili mbalimbali. Yuko pia yule anayezaliwa mweusi au mwekundu, kisha manyoya yake yakapauka mwaka hata mwaka mpaka akawa mweupe, ilhali ngozi yake hubaki nyeusi. Wala rangi peke yake haitambulishi mbegu. Farasi wa Kiarabu hujulikana zaidi kwa uso uliobonyea na mkia anaouinua. Na farasi wa mbio wa Kiingereza, ambao nasaba yao ya kiume yarejea kwa madume matatu, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, wana rangi kadhaa.

Haja ya msamiati huu yaonekana hata pale ambapo farasi ni nadra. Mulot ni mji wa soko kwenye barabara ya Bomet na Narok, karibu na mto Amala, ambako Wakipsigis na Wamasai hukutana na Kiswahili huwa lugha ya kati. Punda hubeba maji na mizigo ya watu. Machinjio ya punda yalipoanza kupewa leseni nchini Kenya mwaka 2016, wizi wa punda ulizidi, na mwaka 2020 serikali ikayapiga marufuku. Mwenye kuibiwa akisema "punda wa kijivu", amewataja karibu punda wote. Hana budi kutaja mstari mweusi wa mgongoni na ule unaoukata mabegani, singa fupi zilizosimama, milia ya miguuni, au baka lililo usoni.

Kwa hiyo istilahi hazina haja ya kuazimwa kutoka Kiingereza. Lugha ina singa, shungi, baka, doa, marakaraka na milia, na ina kiunganishi -a cha kuyafunga. Farasi mwekundu wa singa nyeusi, farasi mwekundu wa singa nyekundu, na farasi wa mvi kwa yule anayepauka: majina hayo yanaeleweka bila ufafanuzi, na yanafuata kanuni iliyozaa punda milia. Watunzi wa kamusi wangefaidika zaidi wakianzia kwa wafugaji, ambao lugha zao zina majina mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe, kabla ya kutafuta tafsiri mbali.